Siku sita kufuata mizani ya roho: Paris, Beaune na Autun

Naandika haya nikiwa nimesharudi Newala, daftari mkono mmoja, simu yenye picha mkono wa pili. Nilikwenda Ufaransa kumuona dada yangu aliyejifungua. Kati ya siku zangu za huko, sita nilizitumia kufuata mizani. Si ile ya barabarani inayowatoa jasho madereva wa malori. Nasema mizani ya roho, ya Siku ya Kiyama, ambayo Wafaransa wa zamani waliichonga kwenye mawe juu ya milango ya makanisa.

Sababu yake ni baba. Baba alikuwa mpimaji wa korosho ghalani, na nilikua nikicheza juu ya magunia. Alikuwa na tabia moja iliyompa jina. Akishaning'iniza gunia, anarudi nyuma hatua moja na kuinua mikono yote miwili, kama mtu aliyekamatwa, mpaka mshale utulie. Hapo ndipo anasoma kilo kwa sauti. Wakulima wakamwita Mikono Juu. Mwenye kuujua msimu wa korosho, na watu wa kangomba wanaonunua usiku kwa bakuli, ataelewa kwa nini mkulima alitaka kuiona mikono ile.

Kisha jioni nilikwenda chuoni, na mwalimu alitufundisha Suratul Qaria: ambaye mizani yake itakuwa nzito, huyo yumo katika maisha ya kuridhisha. Nzito ndiyo nzuri. Nilikwenda nalo hilo hadi Ulaya bila kuliuliza swali.

Alhamisi, 16 Oktoba 2025. Paris

Shemeji yangu ni Mkongo wa Bukavu, Mkatoliki, mcheshi. Siku hiyo hakuwa na zamu, akanitoa kwao Saint-Denis mpaka kanisa kuu la Notre-Dame. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024, baada ya ule moto wa Aprili 2019, na foleni ilikuwa imezunguka uwanja. Kuingia ni bure. Ukitaka kupunguza kusimama, fika asubuhi mapema. Sisi tulifika saa tano na tukalipa kwa miguu.

Lakini nilichokifuata kiko nje. Juu ya mlango wa katikati kuna uso wa ukuta wa mawe uliochongwa Hukumu ya Mwisho: chini wafu wanatoka makaburini, na juu yao amesimama malaika Mikaeli (sisi tunamwita Mikaili) na mizani, shetani akiwa upande wa pili. Shemeji akanyoosha kidole. "Ona ile shetani kidogo, shemeji. Iko navuta kwa chini."

Kweli. Kishetani kimejibanza chini ya kitanga cha mizani, kinakivuta. Nilicheka mpaka watu wa foleni wakageuka. Miaka yote ya chuo nilidhani mizani ya Kiyama haina mtu wa kuipunja. Huku wamechonga na mpunjaji kabisa.

Si kila jiwe pale ni la karne ya 13. Mwaka 1771 msanifu Soufflot aliukata sehemu ya chini ya uso ule na nguzo ya katikati ili mwavuli wa maandamano upite bila kugusa. Karne iliyofuata wakaja kurudishia. Yaani hata mlango wa Kiyama ulitanuliwa kwa ajili ya sherehe.

Tukala wali na samaki kwa Wasenegali, euro 13 kila mmoja. (Nilikuwa nakokotoa euro moja kwa shilingi 2,900. Baada ya siku mbili niliacha kukokotoa, kwa afya yangu.) Mezani ndipo shemeji aliponiambia kwamba alipokuwa mwanafunzi alikwenda kuchuma zabibu Burgundy, karibu na mji wa Beaune, na kwamba kule kuna mizani nyingine, ya rangi, ndani ya hospitali ya zamani. "Ile haina shetani hata mmoja," akasema. Usiku uleule nikakata tiketi.

Ijumaa, 17 Oktoba. Paris mpaka Beaune

Kosa la siku, langu mwenyewe: tiketi iliandikwa Paris Bercy, mimi nikaenda Gare de Lyon. Ni stesheni mbili tofauti, mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu asiye na begi. Nilikuwa na begi. Treni ikaondoka nikiiona mkia.

Msaidizi wa stesheni aliitazama tiketi yangu, akanitazama jasho, akaniandikia kwenye karatasi saa ya treni inayofuata, akaonyesha kwa ishara kwamba tiketi ile bado inafaa. Ndiyo faida ya treni hizi za mikoa zinazotoka Bercy kupitia Dijon. Ni za polepole, zaidi ya saa tatu mpaka Beaune, lakini hazina namba ya kiti, na tiketi haikufungi kwenye treni moja. Ile ya kasi ukiichelewa, imekwenda na hela yako. Hakikisha tu masharti ya tiketi unayonunua.

Safari yenyewe ni mashamba, mashamba, na usingizi.

Beaune ni mji mdogo wenye ukuta, na kila duka la pili ni la mvinyo. Chumba cha juu kabisa, ngazi za mbao zinazolia, euro 64. Chakula kinahitaji uangalifu kwa Mwislamu: ile nyama yao mashuhuri huiva ndani ya mvinyo, na mara nyingi na vipande vya nguruwe. Nilipata kibanda cha kebabu cha Mmorocco mmoja karibu na stesheni. Nilipomsalimu "Asalaam alaykum" aliongeza viazi bila kuulizwa. Mkumbukeni huyu, atarudi.

Jumamosi, 18 Oktoba. Beaune

Siku ya soko, nalo liko mbele kabisa ya hospitali. Jibini, uyoga, kuku wa kuchoma, na haradali ya kila namna, maana huku ndiko kwao. Mama mmoja muuzaji alikuwa na bakuli la mbegu zenyewe, nyeusi na za kahawia, ndogo kuliko ulezi. Nilisimama pale muda mrefu. Katika Suratul Anbiyaa Mwenyezi Mungu anasema ataweka mizani ya haki, na hata likiwa tendo la uzito wa chembe ya haradali, litaletwa. Nimeisikia aya hiyo tangu mdogo na sikuwahi kuiona haradali. Yule mama akadhani sina hela, akanimiminia mbegu kidogo kiganjani. Nilijaribu kuusikia uzito wake. Hakuna kitu. Nikanunua kichupa cha euro 4 kwa aibu, na zile mbegu nikazifunga kwenye karatasi ya tiketi.

Hospitali yenyewe, Hôtel-Dieu, ilianzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, mshauri mkuu wa mtawala wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins. Vita vya muda mrefu vilikuwa vimewaacha watu wa huko maskini. Mapaa ya uani ni ya vigae vya rangi, vyekundu, njano, kijani, kama mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi. Iliendelea kutibu wagonjwa mpaka 1971. Kiingilio nilitoa euro 12 na senti, pamoja na kifaa cha kusikilizia maelezo, Kiswahili hakimo.

Kwanza unaingia ukumbi wa maskini: vitanda pande mbili vyenye mapazia mekundu, na mwisho wa ukumbi kanisa dogo. Kila kitanda kililala wagonjwa wawili. Ule mchoro mkubwa wa Rogier van der Weyden, wa katikati ya karne ya 15, ulikaa pale mbele juu ya altare, ukifunikwa na mbao zake siku za kawaida na kufunguliwa Jumapili na sikukuu. Fikiria uko kitandani na homa, jirani yako anakoroma au amekata roho, halafu mbao zinafunguliwa na unaonyeshwa mizani.

Siku hizi uko chumba cha peke yake, chenye giza, na mbele yake kuna kioo kikubwa cha kukuzia kinachosogea juu ya picha ili uone mpaka nyuzi za nguo. Mikaeli yuko katikati, kanzu nyeupe, joho la dhahabu na nyekundu, mabawa yenye macho ya manyoya ya tausi. Haangalii mizani. Anakuangalia wewe. Shemeji alisema kweli: shetani hakuna hata mmoja. Waovu wanakwenda motoni kwa miguu yao, wanavutana, mmoja anajiuma mkono, na hakuna anayewasukuma.

Halafu nikaiona mizani yenyewe, nikadhani nimekosea.

Kuna watu wawili wadogo uchi, kila mmoja kwenye kitanga chake, na maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni: upande mmoja MEMA, upande wa pili DHAMBI. Aliyeshuka ni yule wa dhambi, mdomo wazi, anapiga kelele. Wa mema amepanda juu, mikono imekunjwa kwa sala. Nzito ndiyo mbaya! Nilitoka, nikazunguka ua, nikarudi kuangalia upya. Mlinzi akaanza kunifuata kwa macho.

Nilimpigia shemeji nje. Akasema kwao ni rahisi kuelewa, dhambi ni mzigo, mtu mwepesi ndiye anayepaa. Nikamwambia kwetu mtu mwepesi ndiye aliyekula hasara; mwalimu alitusimulia hadithi ya mtu atakayeletewa madaftari 99 ya makosa, kisha ikaletwa kadi moja yenye shahada, na ile kadi ikayazidi uzito yote. Tukabishana mpaka salio likaisha.

Jambo dogo: waliokuwa uchi mle walipakwa nguo za rangi katika karne ya 19, kwa sababu ya haya, na baadaye nguo hizo zikaondolewa. Na mbao za pembeni zimepasuliwa kwa msumeno ili nje na ndani vionekane kwa pamoja, kwa hiyo ukutani utamuona Rolin mwenyewe amepiga magoti, uso mkavu wa mtu wa hesabu. Husimuliwa kwamba mfalme Louis wa 11 alisema ni haki Rolin awajengee maskini nyumba, maana ndiye aliyewafanya wengi wawe maskini. Maneno hayo niliyaandika daftarini na kuyapigia mstari.

Jumapili, 19 Oktoba. Beaune mpaka Autun

Mizani ya tatu iko Autun. Somo: usipange kusafiri kwa basi Jumapili katika mikoa ya Ufaransa. Nilikaa kituoni saa nzima mbele ya ratiba iliyojaa alama za vistari. Maduka yamefungwa, mvua nyembamba, na chumba nimesharudisha ufunguo.

Nikarudi kwa yule wa kebabu, angalau ninywe chai. Kwa simu ya kutafsiri nikamweleza kwamba nataka Autun. Akaangalia saa, akamwita kijana wake ashike duka. Kumbe mama yake mdogo anakaa huko na alikuwa amepanga kwenda jioni. Akaamua jioni ianze saa nane mchana.

Barabara ya D973 ni nzuri kuliko treni zote nilizopanda. Kama kilomita 50 tu, lakini unapita Pommard na Volnay katikati ya mizabibu iliyogeuka njano, unapanda La Rochepot penye ngome ya paa la vigae vya rangi, unashuka Nolay, kisha mizabibu inaisha ghafla na kuanza malisho ya ng'ombe weupe wakubwa, kila mmoja kama gari dogo. Njiani akaniuliza nimefuata nini Autun. Sikujua Kifaransa cha kueleza. Nikanyoosha mikono miwili kama vitanga, mmoja juu, mmoja chini. "Mizan!" akasema. Neno letu hilohilo. Akaanza kuisoma Al-Qaria kwa sauti, mimi nikaingia aya ya pili, tukaimaliza pamoja tukipita ng'ombe. Hela ya mafuta alikataa. Nilimwachia kanga niliyokuwa nimembebea mtu mwingine, ampe mama yake mdogo. (Dada, kama unasoma, ndiyo ile.)

Jumatatu, 20 Oktoba. Autun

Autun ni mji wa Warumi: jina limetoka kwa Kaisari Augusto, na malango yao ya mawe bado yanapitiwa na magari. Kanisa kuu la Mtakatifu Lazaro liko juu ya kilima. Kuona mlango wake hulipi chochote, hungoji saa ya kufunguliwa. Uko nje chini ya kibaraza. Lakini sanamu ziko juu sana. Njoo na darubini. Mimi sikuwa nayo. Bibi mmoja aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo alitoka ndani, akaniona nimepinda shingo, akaniletea yake.

Uso ule ulichongwa karibu mwaka 1130, na chini ya miguu ya Kristo kuna maandishi ya Kilatini: Gislebertus alifanya hii. Wengi husema ndiye mchongaji, wengine hubisha. Wafu kwenye mstari wa chini wanatoka makaburini, kuna mahujaji wawili wenye mifuko yao, mmoja na msalaba, mmoja na kombe la baharini, maana hata Kiyama kimewakuta safarini. Upande wa kushoto kwa Kristo, mikono miwili mikubwa isiyo na mtu inashuka na kumkaba mmoja kichwani, kama unavyong'oa muhogo. Picha hiyo haikunitoka siku nyingi.

Na mizani. Inaning'inia kutoka kwenye mkono unaotokeza mawinguni. Upande mmoja malaika mrefu, mwembamba kama mlonge, ameinama; roho mbili ndogo zimejificha kwenye mikunjo ya kanzu yake kama watoto kwa bibi. Upande wa pili shetani, mbavu zote nje, ameng'ang'ania mkono wa mizani kuuvuta, na kishetani kingine kimekaa kitangani kuongeza uzito. Hilo nililitegemea baada ya Paris.

Nililokuwa silitegemei ni mkono wa malaika. Umeshika kitanga cha roho. Haukigusi kwa bahati mbaya, umekishika. Na kitanga cha mwema ndicho kilichoshuka. Kwa hiyo hapa nzito ndiyo nzuri, kama kwetu, ila malaika naye anasaidia.

Nilirudisha darubini mara tatu na kuiomba mara tatu. Bibi akaanza kunieleza kwa taratibu, neno kwa neno kwa simu. Mwaka 1766 wakuu wa kanisa hili waliziona sanamu hizi ni ushamba, wakazifunika zote kwa plasta. Kichwa cha Kristo kilitokeza nje ya plasta, wakakikata. Miaka ishirini na kitu baadaye yakaja Mapinduzi, sanamu za makanisa mengi zikavunjwavunjwa, na hizi zikasalimika kwa sababu hakuna aliyeziona. Plasta ilitolewa 1837. Kichwa kilirudishwa mahali pake 1948.

Kisha akaniambia lililonikalisha chini kwenye ngazi: yule Rolin wa Beaune alizaliwa hapahapa Autun, mwaka 1376. Nyumba ya ukoo wao iko hatua chache nyuma ya kanisa. Basi utoto wake wote alipita chini ya malaika anayeshika mizani, na alipofika uzeeni, tajiri, akalipia mizani ambayo hakuna anayegusa vitanga vyake na inayokwenda kinyume na ya kwao. Kama aliwahi kulifikiria hilo, sijui. Mimi nimelifikiria zaidi ya inavyopaswa.

Usiku, chumbani, nikatafuta kwenye simu picha za mizani ya Misri, ya kale kuliko zote hizi: ile ya Mmisri aitwaye Hunefer, ya karibu mwaka 1275 kabla ya Kristo, iliyoko British Museum. Moyo wake upande mmoja, unyoya wa Maat, mungu wao wa kike wa haki, upande wa pili. Moyo usizidi unyoya. Ammit, kichwa cha mamba, kifua cha simba, nyuma ya kiboko, anangoja ale moyo ulioshindwa. Nikaihifadhi kwa ajili ya baba.

Jumanne, 21 Oktoba. Kurudi

Basi mpaka stesheni ya Le Creusot, treni ya kasi, Paris kabla ya saa sita. Tiketi hii nilikata wiki hiyohiyo na iliniuma. Ukikata mapema ni nafuu. Kwa siku sita, nauli, vyumba viwili, viingilio na chakula, nilitumia euro 391. Ningepanda basi zote na kukwepa Jumapili, ingepungua, ila nisingeisoma Al-Qaria na mtu kwenye barabara ile.

Newala

Baba haoni vizuri siku hizi. Tulikaa barazani, nikamkuzia picha moja moja. Ya Beaune aliishika muda mrefu.

"Jiwe liko wapi?" akauliza.

Sikuelewa.

"Mizani ya vitanga viwili, bidhaa huku, jiwe la kilo kule. Hapa naona bidhaa pande zote. Anapima nini kwa nini?"

Nikamwonyesha Hunefer na unyoya. Akatikisa kichwa kukubali. Hapo jiwe lipo. Akauliza yule mwenye kichwa cha mbweha aliyepiga goti chini anashika nini. Nikasema anaangalia kama mizani imekaa sawa. "Huyo fundi. Anaruhusiwa."

Mwisho nikampa ya Autun. Alimwona malaika kabla ya kumwona shetani. Akausogelea ule mkono mpaka pua ikakaribia kioo, akaguna.

"Baba, na yule mwingine si anavuta pia?"

Akaweka kidole gumba juu ya shetani, akamfunika mzima, akabaki anamtazama malaika. "Haya, huyu nimemtoa," akasema. "Sasa mwambie naye ainue mikono."

Zile mbegu za haradali nilimmiminia kiganjani. Akazipimapima, akauliza kama zinaota.